Kumi na Nne za Kijani

Kabla testi ya programu ipite au ianguke, lazima kwanza ipatikane. Hatua hii watu wengi wanaoandika kodi hawaifikirii kabisa, hadi siku moja wanafungua edita, wanabonyeza ile ikoni ya chupa ya maabara, na badala ya orodha ya alama za kijani wanakutana na uwazi. Hakuna testi zilizopatikana. Faili ziko, unaziona kwa macho yako hapo kushoto kwa skrini. Umeziandika mwenyewe, usiku, ukipigana na usingizi. Lakini mashine inakwambia hakuna kitu.

Mimi si mtu wa kodi. Naandika kwa maneno ya kawaida na nalipwa kwa makala, zile siku nalipwa. Lakini mwaka huu binamu yangu aliniomba nimwandikie mwongozo wa mfumo aliokuwa anatengenezea chama cha akina mama kule Gilgil, chama ambacho mama yake ni mwanachama tangu sisi tukiwa watoto. Kazi ya familia, unajua vile hulipwa: chapati, na bando ukibahatika. Nikakubali. Na kwa sababu huwezi kuandika mwongozo wa kitu usichokielewa, nikajikuta naketi kando yake wikendi baada ya wikendi, keja kwake Zimmerman, nikiuliza maswali.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi: testi ni nini?

Alinieleza hivi. Chukua sheria moja ya chama. Mama akikopa, analipa kabla ya tarehe fulani. Akichelewa, faini ni shilingi 50 kwa kila siku. Sasa, kodi inayohesabu faini inaweza kuwa na mistari mingi, na kila ukiigusa unaweza kuiharibu bila kujua. Kwa hivyo unaandika kipande kingine kidogo cha kodi ambacho kazi yake ni kuuliza maswali yenye majibu yanayojulikana. Mama aliyechelewa siku 3 anadaiwa ngapi? Jibu ni 150. Kodi ikisema 150, testi imepita, unaona kijani. Ikisema kitu kingine, imeanguka, unaona nyekundu. Kila ukibadilisha kitu, unaziendesha testi zote upya.

“Ni kama mtihani,” nikasema.

“Ni mtihani. Tofauti ni kwamba hapa unaufanya kila siku na hakuna mtu wa kukuitisha karo.”

Tukacheka, yeye kidogo, mimi zaidi.

Mambo yalianza kuharibika aliponunua laptopu nyingine, ya mtumba, Moi Avenue, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imechoka hadi inapumua kwa sauti. Akahamisha kazi yote. Akafungua edita. Testi 14 zilizokuwa zikipita kila siku zikawa sifuri.

Nilichojifunza usiku ule ndicho kilichonifanya nitake kuandika makala hii. Edita haina macho ya kuona testi. Ikifungua mradi wa Python, kwa mfano, edita kama Visual Studio Code huita programu nyingine kimyakimya, kama pytest, na kuiambia: nenda kwenye folda hii, niletee majina ya testi zote. Pytest hurudi na orodha. Edita inachora ile orodha kwenye skrini yako. Basi. Ukiona uwazi, maana yake ni kwamba mjumbe ametumwa na amerudi mikono mitupu, au hakufika, au hakutumwa kabisa. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Ndiyo maana binamu yangu hakuanza kwa kufuta edita na kuiweka upya, vile mimi ningependekeza. Alienda terminali, ile dirisha nyeusi, akaandika “python -m pytest --collect-only”. Amri hiyo haiendeshi testi yoyote. Inauliza swali moja tu: unaona nini?

Terminali ikaona zote 14.

“Sawa,” akasema. “Kwa hivyo testi hazina shida. Njia ndiyo ina shida.”

Laptopu ilikuwa na Python mbili. Moja ilikuja na mashine. Nyingine alikuwa ameiweka ndani ya mradi wenyewe, kwenye mazingira yake maalumu, pamoja na pytest na maktaba zote. Terminali ilikuwa inatumia hii ya pili. Edita ilikuwa imechagua ile ya kwanza, ambayo haijawahi kusikia kitu kinaitwa pytest. Yaani mkalimani hakuwa yule. Wanaoandika Python wanajua hiki ni kisa cha kila wiki: programu inayosoma na kuendesha kodi yako lazima uichague, na jina lake liko pale chini kulia mwa edita, kwa maandishi madogo ambayo hakuna mtu husoma. Na sababu yenyewe ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo kwenye kumbukumbu za edita, kwenye kidirisha cha ujumbe ambacho huwa kimefungwa: moduli ya pytest haipo. Edita ilikuwa imesema ukweli. Imesema tu mahali ambapo hatukuwa tunaangalia.

Akabadilisha mkalimani. Sekunde chache, orodha ikajaa. Akabonyeza endesha. 14 za kijani.

Aki, ile furaha! Mtu ambaye amekaa saa nzima mbele ya sifuri akipata 14 anahisi ni kama amelipwa deni. Tukaenda kununua smokie. Siku mbili baadaye akatuma mfumo Gilgil na sheria mpya ya faini ndani yake.

Wiki ya pili mweka hazina akapiga simu.

Mweka hazina ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Amefundisha hesabu miaka mingi, na kwa hiyo hakuacha kuandika kwenye kaunta buku yake hata baada ya mfumo kuja. Anaandika kwa peni, kisha analinganisha. Simu ilikuwa kwenye spika.

“Mwanangu, hii kompyuta yenu inatoza watu ambao hawajachelewa.”

“Mwalimu, pengine walilipa usiku?”

“Walilipa siku ya mwisho. Siku ya mwisho ni siku ya kulipa. Si ndiyo maana inaitwa siku ya mwisho? Wako saba. Kila mmoja ametozwa 50. Na mama yako ni mmoja wao.”

Shilingi 350. Ukizitazama kama pesa, ni kidogo. Lakini chama ni imani kwanza. Wanawake 22 walikuwa wamekubali kuacha daftari na kuamini kitu kilichotengenezwa na mtoto wa mmoja wao, na tayari kulikuwa na minong'ono kwamba hizo 50 zinaingia mfuko fulani. Mama yake binamu yangu hakuwa analala vizuri. Mtu akikushuku kwa shilingi 50, atakushuku kwa 50,000.

Binamu yangu alirudi kwenye kodi na kosa akaliona haraka. Alama moja. Mahali palipopaswa kuuliza “je, leo ni baada ya tarehe ya mwisho?”, kodi ilikuwa inauliza “je, leo ni tarehe ya mwisho au baada?” Ni kosa la kawaida, la siku moja zaidi. Kilichomtoa jasho ni kitu kingine.

“Lakini hiki kitu nilikiandikia testi,” akasema. “Nakumbuka. Mama akilipa siku ya mwisho, faini ni sifuri. Niliandika hivyo.”

Na kweli ilikuwepo. Akafungua faili. Testi sita za faini, safi kabisa, na ya pili ilikuwa hiyo hiyo. Kama ingeendeshwa, ingekuwa nyekundu kama nyanya.

Mimi wakati huo nilikuwa na rasimu ya mwongozo mbele yangu, na nilikuwa nimeandika sentensi inayosema mfumo una testi kadhaa. “Kadhaa” ni neno la mtu asiyejua. Nikauliza, “Kwani testi zote ni ngapi?”

“14.”

“Pamoja na hizo sita?”

Akanyamaza. Akahesabu kwa kidole, faili kwa faili. Za michango, nane. Za mikopo, sita. Hiyo ni 14. Za faini, sita. Hiyo ni 20.

Testi sita hazikuwahi kuendeshwa hata mara moja. Zilikuwa kwenye folda ileile na zile zingine, zimeandikwa na mkono uleule. Tofauti ilikuwa jina. Faili za kwanza ziliitwa test_michango.py na test_mikopo.py. Hii ya tatu iliitwa jaribio_faini.py, na ndani yake kila kipande kilianza na neno jaribu: jaribu_siku_ya_mwisho, jaribu_siku_tatu. Alikuwa ameamua, kwa sababu mfumo ni wa akina mama wa Gilgil na sheria zao ziko kwa Kiswahili, aandike testi zao kwa Kiswahili pia. Wazo zuri. Hata mimi ningelisifu.

Lakini pytest huja na kanuni zake. Isipoambiwa vingine, inatafuta faili ambazo jina lake linaanza na “test_” au linaishia na “_test.py”. Ndani ya faili hizo, inachukua fankisheni zinazoanza na “test”. Kitu kingine chochote inakipita. Haikwambii imekipita. Kwa nini ikwambie? Kwenye macho yake hicho si testi, ni faili tu.

Ukitaka kujua kanuni hiyo ilitoka wapi, lazima urudi nyuma kidogo. Mwaka 1997, Kent Beck na Erich Gamma waliandika JUnit ya lugha ya Java, na inasimuliwa kwamba kazi hiyo ilianzia ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta. Matoleo yake ya zamani yalitambua testi kwa jina: ikianza na “test”, ni testi. Python ikapata yake, unittest, katika toleo la 2.1 mwaka 2001, ikifuata mtindo huohuo. Hapo mwanzo ulikuwa unaielekeza mwenyewe kwenye faili zenye testi. Uwezo wa unittest kuzitafuta yenyewe kwenye mafolda ulikuja na Python 2.7, mwaka 2010. Java nayo iliachana na majina mwaka 2006, JUnit 4 ilipoleta alama maalumu ya kubandika juu ya kila testi. Python ikabaki na majina. Hakuna aliyekaa chini akasema testi za Kiswahili zisionekane. Walichagua neno walilokuwa nalo mdomoni.

Kuna jambo lingine kwenye historia hiyo lililonishangaza zaidi. Kwa miaka mingi, ukiiambia unittest itafute testi na isipate hata moja, ilikuwa inakujibu kwamba imeendesha testi 0 na mambo ni sawa. Sawa! Mashine yoyote iliyokuwa inasubiri jibu ilipokea ishara ya mafanikio. Ilibadilika kwa Python 3.12, mwaka 2023: sasa ikikosa testi kabisa inamaliza kwa nambari 5, ambayo ni ishara ya shida. Pytest yenyewe ilikuwa na nambari 5 hiyo kitambo. Lakini hata nambari 5 haingetusaidia sisi, kwa sababu inatoka tu ukikosa zote. Ukipata 14 kati ya 20, unapewa kijani na kila mtu anaenda kununua smokie.

Hapo ndipo niliona sifuri ya ile laptopu mpya ilikuwa rafiki yetu. Ilitusimamisha. Ilitufanya tutafute. Hii 14 ndiyo ilitupitisha.

Nina sababu yangu ya kulichukua jambo hili kibinafsi, na nitaisema mara moja. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Watu wakisikia hivyo wanadhani nilianguka. Sikuanguka. Nilifanya mitihani miwili, niliketi kwenye ukumbi, nilitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na alama hazikuwahi kuonekana. Yeyote aliyepitia vyuo vyetu anajua hadithi ya alama zilizopotea. Unaenda idarani, unaambiwa uende kwa mhadhiri. Mhadhiri anasema alizipeleka idarani. Kwenye mfumo, mbele ya jina lako, kuna nafasi tupu, na nafasi tupu ukiiangalia kutoka mbali inafanana sana na sifuri. Mwishowe nikaambiwa nirudie masomo yote mawili, karo ikiwa juu yangu, na karo haikuwepo. Hivyo.

Kwa hivyo mtu akiniambia kitu hakijapatikana, siku hizi nauliza maswali mengine. Nani alitumwa akitafute? Alipewa jina gani? Alitafuta wapi? Ripoti yake iko wapi, na nani ameisoma?

Ni maswali hayohayo yanayotatua testi zisizoonekana, na binamu yangu amenifundisha kuyafuata kwa mpangilio. Kwanza, toka nje ya edita na uulize terminali. Terminali ikiona na edita haioni, shida ni mipangilio ya edita: mkalimani asiye sahihi, folda uliyofungua si ile ya mradi, au edita imeambiwa itumie unittest na wewe umeandika kwa pytest. Zote mbili zisipoona, rudi kwa faili zenyewe. Angalia majina. Angalia kama kuna faili inayoshindwa kusomwa kwa sababu inaita maktaba ambayo haijawekwa. Hiyo huanguka hata kabla testi zake hazijahesabiwa. Ukitumia unittest, angalia kama folda za ndani zina ile faili tupu ya __init__.py, maana bila hiyo huenda isiingie humo kabisa.

Kisha kuna visa vya majina pacha. Ukiandika fankisheni mbili zenye jina moja ndani ya faili moja, Python haikugombezi. Ya pili inafuta ya kwanza, na testi yako ya kwanza inapotea bila mazishi. Na ukiita faili yako calendar.py au random.py, Python inaweza kuichukua hiyo badala ya maktaba yake yenyewe yenye jina hilo, halafu vitu vingine vinavunjika mbali kabisa na hapo. Hapa nilimwambia binamu yangu Kiswahili kimemtetea: faili yake ya tarehe inaitwa kalenda.py, na haijawahi kugongana na mtu.

Na kuna mbinu moja ambayo naipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji utaalamu. Andika testi moja ambayo lazima ianguke. Iseme 1 ni sawa na 2. Endesha zote. Ukiona nyekundu, mfumo unakusikia. Ifute uendelee na kazi. Ukiona kila kitu bado ni kijani, simama hapo hapo. Unaongea peke yako.

Baada ya simu ya mwalimu, nilidhani binamu yangu angebadilisha majina ya faili na yaishe. Ilikuwa kazi ya dakika mbili: futa jaribio, weka test. Alikaa akiangalia skrini.

“Hapana,” akasema. “Zitabaki hivyo.”

Akafungua faili ya mipangilio, pytest.ini, akaongeza mistari miwili. Mmoja unasema faili za testi ni test_*.py na pia jaribio_*.py. Wa pili unasema fankisheni zinaanza na test na pia jaribu. Zote mbili lazima ziorodheshwe, kwa sababu ukiandika kanuni yako, ile ya mwanzo inaondoka. Akaendesha. Testi 20 zikapatikana. 19 za kijani, moja nyekundu: jaribu_siku_ya_mwisho. Sijawahi kuona mtu akiifurahia rangi nyekundu hivyo. Akarekebisha ile alama moja kwenye kodi, akaendesha tena, zikawa 20.

Shilingi 350 zilirudishwa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo, 50 kwa kila mama, na ujumbe wa maelezo ukaenda kwenye kikundi cha WhatsApp cha chama. Mwalimu alijibu kwa neno moja, “Imefika.” Kaunta buku bado anaiandika. Hakuna aliyemwambia aache, na mimi naona asiache.

Mwongozo niliumaliza mwezi uliopita, kurasa tisa. Sentensi ya kwanza kwenye ukurasa wa testi haielezi testi ni nini wala jinsi ya kuziendesha. Inasema: testi za mfumo huu ni 20, ukiona nambari nyingine, hata kama zote ni kijani, usitume chochote.

Juzi binamu yangu amenitumia ujumbe nibadilishe. Chama kimeongeza sheria ya mikopo ya dharura, ameiandikia testi tatu, na amezihesabu mara mbili. Sasa ziko 23.